Sega Lisilo na Asali

Februari, mjini Győr. Ukungu wa mto Rába
umeegemea madirisha ya karakana kama mdai asiyetaka kuondoka.
Etelka anavua glavu, anapuliza vidole,
anahesabu karatasi za alumini, mia mbili na nane,
nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
kila moja na michirizi ya gundi aliyoipaka jana.
Zinabanwa. Zinaokwa. Zinatoka tanurini zimekuwa bamba,
butu, zito, lisilo na siri.
Halafu mimi huku, yeye kule, kulabu mkononi,
tunavuta,
na bamba linafumbuka kwa sauti ya shuka jipya likichanwa:
vijumba vya pembe sita, maelfu,
sega ambalo hakuna nyuki aliyelijenga
wala mrina atakayelifukiza moshi.

Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe.
Sawa. Sisi tunalipwa kuukanya ukuta.
Tunauambia: ngumi ikija, ipokee,
ujikunje tabaka kwa tabaka, bila pupa,
wala usiirudishe.
Ukuta ni mwanafunzi mzito.

Bálint, alipokuwa mgeni, shahada yake ikingali inanukia wino,
alituundia sega la kujivunia, gumu,
unalikanyaga halisemi kitu.
Gari likaligonga, likaruka nyuma kama mtu aliyetukanwa,
na ndani yake Dezső, mwanasesere wetu wa kilo sabini na nane,
akatikisa shingo mara moja tu. Mara moja ilitosha.
Bálint alitoka nje akavuta sigara tatu.
Hatukumcheka. Etelka alimpelekea kahawa, akasema,
"Umejenga ngome. Tuliomba mto wa kulalia."

Sega halipelekwi uwanjani likiwa zima.
Usiku wa kuamkia jaribio tunaliweka chini ya shinikizo
na kuliponda uso, milimita nane, basi.
Maana sega lisilowahi kuguswa hugoma mwanzoni:
grafu huchomoza jino moja refu,
na jino hilo ndilo livunjalo mbavu.
Lililokwisha kuumia kidogo halishtuki.
Linajua pa kuanzia.
Nilipomweleza mama haya kwenye simu, alinyamaza,
kisha akaniuliza kama nimekula.

Saa nne kasorobo. Kebo inakaza. Kilomita sitini na nne kwa saa.
Mshindo siwezi kukusimulia; mwili huusikia kabla ya sikio.
Vumbi la rangi. Kioo kikinyesha. Kimya.
Etelka anapiga magoti na rula yake ya chuma,
anaingiza mkono ndani ya jeraha la sega hadi kwenye kiwiko,
anasoma namba kwa sauti, naandika.
Grafu imelala kama kitambaa cha meza kilichopigwa pasi.
Dezső ameketi, kichwa wima,
rangi ya shavu lake imebaki kwenye mfuko wa hewa
kama busu.

Jioni, langoni, Boróka bintiye, leseni ina siku sita,
amekuja kumchukua mama kwa Suzuki yao kuukuu.
Amerudi kinyumenyume, akagota nguzo.
Anashuka, uso mwekundu, anaanza kujitetea.
Etelka hajibu. Anavua glavu,
anaweka kiganja pale palipobonyea,
anapima kwa vidole.
"Nne," ananiambia, kwa mazoea,
nami, kwa mazoea, natafuta kalamu.