Ufunguo Ndani ya Unga

Lubna aniuliza ipi nzuri,
kwa kuwa nimeziona zote tatu,
naye ana kazi ya kupeleka Jumatatu:
mwalimu wao kataka kurasa mbili, linganisha.

Mwanangu, weka kalamu kwanza. Mimina chai.

Ya kwanza haikuwa na rangi.
Ilifika Mombasa imechakaa, mvua ya mikwaruzo
yamnyea kila mtu, hata walio ndani ya nyumba.
Jumatano saa nane ilikuwa zamu ya wanawake:
mabuibui hadi mlangoni, kachiri ndani ya gazeti,
na Bi Khola wa Kibokoni na mto wake wa kukalia,
maana viti vilikuwa na kunguni wasiochagua mtu.
Binti wa mshona glavu, mji wa moshi,
mume aliyetoweka miaka tisa, kisha huyo arudi
na kofia mpya, ataka afunguliwe mlango.
Mle, binti aliutupa ufunguo mtoni.
Zikalia fidla mia. Wanawake wakalia pia,
ila Bi Khola, aliyeuliza: sasa yeye mwenyewe ataingiaje?

Ya pili ilikuwa ya televisheni, vipande kumi na viwili,
kila Alhamisi, kwa jirani wa ghorofa ya pili, Ganjoni,
watoto kumi na tisa sakafuni, ndara zetu ngazini.
Hiyo ndiyo iliyokifuata kitabu neno kwa neno,
hata kikohozi. Binti aliushika ufunguo
vipande vitatu vizima,
akautia mfukoni, akautoa, akautazama kwenye mshumaa.
Kipande cha tisa, stima ikapotea kisiwa kizima.
Mpaka leo sijui alifanya uso gani pale dirishani,
na nikwambie kweli,
uso huo ndio ninaoukumbuka zaidi.

Ya tatu ni hii yako, ya kwenye simu.
Nguo, mashallah.
Hata matope yao yana mwanga mzuri.
Lakini wanabusiana mvuani
na ufunguo umesahauliwa. Nimerudisha nyuma mara mbili:
mlango uko wazi tangu mwanzo.
Mwanamke ambaye mlango wake u wazi,
saa mbili zote hizo za nini?

Andika hayo, kama mwalimu wako ana moyo.

Lakini iko ya nne, na hiyo usiiandike.
Mamangu Zuwena hakujua Kiingereza.
Jumatano ile alikaa katikati ya safu,
nami mapajani, na safu nzima, ya mbele na ya nyuma,
ilimsikiliza yeye, si mashine.
Mdomo wa mzungu ukifunguka, mamangu aujaza.
Na fidla zilipoanza, akasema
kwa sauti ya mtu anayeyaona:
“Mwaona? Hakuutupa. Alilotupa ni jiwe.
Ufunguo autia ndani ya pipa la unga.
Yuwajua mwanamume hatii mkono ungani.”
Safu ikaguna. Bi Khola akaridhika.

Nilipofika kidato cha nne nikakiazima kitabu,
kurasa mia sita, herufi kama sisimizi,
nikakisoma kwa taa ya chemni, nalitafuta pipa.
Halimo.
Sura ya thelathini na nane yasema tu
kwamba ufunguo uliwekwa.
Uliwekwa! Wapi, na kwa mkono upi,
mwandishi, na ndevu zake zote, hakuona haja.

Sikumuuliza mama.
Nilijua pesa zake za mchezo zilikolala:
chini ya mchele, ndani ya soksi ya baba,
ya mguu mmoja, aliyoiacha
alipokwenda Dubai kwa wiki mbili.

Andika ya pili. Walimu huipenda ya pili.
Nasikia yatengenezwa nyingine, itatoka Disemba.
Tutaitazama. Uso wa binti nakuachia wewe.
Mimi hutazama nyuma ya bega lake,
jikoni, kona ya kushoto,
kama wameweka pipa.