Kalenda ya Kampuni ya Chai

Wamesema mlima Rungwe uwe wa bluu zaidi,
mawingu yapungue, jua lizame,
ingawa nilipiga saa nne asubuhi
na mvua ya Tukuyu ilikuwa imenilowesha hadi soksi.

Nikafanya. Nikaongeza mwanga, nikafuta nguzo ya umeme,
bati la kanisa, njia ya bodaboda.
Kisha nikabofya ile inayogeuza kila kitu
kuwa mchoro wa rangi ya mafuta,
mashamba yakalainika kama siagi iliyosahaulika juani.

Pale chini, mstari wa tatu wa chai,
alikuwepo Tusekile, binti wa mama mdogo,
tenga mgongoni, koti la mpira la njano.
Sasa ni doa.
Mpako mmoja wa brashi, labda miwili.

Nikampigia. Akacheka: "Nimekuwa ua?
Na kilo zangu kumi na nane, zinaonekana?"

Tendua.
Tendua.
Nguzo ikarudi, na waya wake,
na ukungu wetu usiojua kupiga hodi,
na lile koti, limechanika begani.

Nimewatumia hiyo.
Hadi leo hawajajibu.