Ratili za Moshi

Nilitumwa Sizini na mizani ya kuning'iniza,
ile ile ya karafuu, kulabu yake bado inanukia,
na daftari la safu saba:
jina, shehia, kuni, makaa, gesi, umeme, jumla.
Mkufunzi wa semina kule Chake alisema:
pima kuni, zidisha, utapata moshi.
Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nyumba ya kwanza, hodi.
Bi Mkasi Faki kachutama mbele ya mafiga, anapuliza.
Jicho moja linalia, la pili limeshazoea.
"Karibu. Umeleta chandarua?"
"Hapana, bibi. Nimekuja kupima moshi."
Akainua uso.
"Weye? Hebu ushike kwanza, nione."

Tukatundika mzigo kwenye boriti ya ukumbi:
matawi makavu ya mkarafuu, fito za mkandaa,
ubao mmoja wenye bawaba ya kutu.
Kilo kumi na moja na robo.
"Hiyo robo ni ule ubao," akasema. "Usiutie.
Ule ulikuwa mlango, haukuwa kuni."
Nikaifuta. Semina haikutufundisha milango.

Umeme upo? Upo. Tukuza inapepesa ukutani,
uniti tatu, nukta sita.
Siku waya ulipopita chini ya bahari kutoka Tanga
watu walipiga vigelegele,
na mumewe, Shaame Hatibu,
akarudi nyumbani na ovaroli limekunjwa kwapani.
Miaka ishirini na mbili alizilisha dizeli mashine za Wesha.
Aliporudi hakulala. Kimya kilimpigia kelele.
Kikohozi chake kikabaki kinanguruma,
mashine ya mwisho, isiyozimwa na mtu.
"Zile zilikunywa mapipa mangapi kwa usiku?
Safu yake i wapi humo?"
Nikafunua, nikafunua. Haimo.

"Na huu wa waya, huko utokako wauchemsha kwa nini?"
"Maji ya mito, bibi. Na gesi ya chini ya ardhi."
"Aa. Basi moshi wake mnauacha ng'ambo,
mnatuvushia mwanga mtupu."

Raya, mkwewe, akatoka na jiko la presha, kalibeba kama mtoto mchanga.
Maharage, anaapa, yanaiva kwa uniti isiyotimia,
na juu ya bati kuna kioo cha jua, bado miezi minane kukilipa.
Kimeanikwa pale kama jamvi la karafuu,
ila mvua ikija hakuna anayekimbia kukianua.
"Vyema vyote," akasema Bi Mkasi.
"Lakini wali wake hauna ukoko."
Raya akacheka mpaka akashika mlango.
Mimi nikaandika: wali, ukoko, hakuna,
kisha nikakata, maana kalamu ilikuwa ya serikali.

Nilipokuwa nafunga daftari akanivuta mkono,
tukashuka bondeni.
Majaruba manne. Hapo, alisema, ndipo alipovunia mahari ya mabinti wawili.
Sasa bamvua likijaa hupanda mpaka kwenye kingo,
hukaa siku mbili kama mgeni asiyeaga,
na likiondoka huacha ardhi imeota mvi.
Mpunga wa mwaka jana ulisimama, mrefu, mtupu.
Akainama, akang'oa bonge la udongo mweupe,
akalifunga kwenye kipembe cha kanga, akalitundika kulabuni.
"Mafiga yangu umeyapima.
Pima na hii. Hii ni ya moshi wa nani?"

Kilo mbili kasoro robo.
Niliandika pembeni, nje ya mstari,
kwa herufi ndogo, mkono una chumvi.
Jumla niliiacha wazi.

Ofisini bwana wa takwimu alilishika lile karatasi juani.
"Na doa hili jeupe?"
"Chumvi," nikamwambia.
Akalipuliza.