Umbali: Kilomita Mbili

Jumamosi, saa tisa alasiri, Soroti.
Ufunguo wa stoo ya shule umepotea tena,
basi klabu inakutana nje, kivulini mwa tangi la maji:
watu saba, betri moja ya lori,
na redio iliyofungwa ndani ya taulo
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Apolot anagawa kazi kwa sauti ya chini.
Zamani alikuwa karani wa telegrafu, posta,
shirika lilipokuwa moja kwa nchi tatu.
Shirika likavunjika; vidole vyake havikuambiwa.
Hata leo akingoja chai ichemke
kijiko chake hugonga meza, nukta, kistari, nukta,
na wajukuu hudhani ni uzee.

Tunapanda mwamba. Okiror, fundi wa pampu,
amebeba waya begani, mita ishirini za shaba
alizozinyofoa kwenye mota ya kinu kibovu.
Asekenye amebeba daftari, na kidole chenye plasta:
jana alishika bisi ya kulehemu upande usioshikwa.
Mlinzi anasoma barua yetu ya kibali mara mbili,
ya pili akiwa ameigeuza juu chini.
"Mnaongea na nani huko juu?"
"Hatujui," Apolot anasema. "Ndiyo maana tunapanda."

Manati. Jiwe. Uzi. Waya unafuata uzi,
unakwama kwenye mti wa kwanza, unashuka, unapanda tena.
Jua linazama bila kutusubiri.
Hiyo ndiyo saa yenyewe, Apolot anatukumbusha,
saa ambayo anga la juu linatulia
na mawimbi hupata mahali pa kudunda.

Tano Eksi inaita. Tano Eksi inaita, tunasikiliza.
Mvumo, kama mafuta yanayongoja chapati.
Tunaita tena.
Mvumo.
Mbu wanajibu kwanza.

Saa mbili na robo Asekenye anainua mkono,
mwingine ameukandamiza kwenye spika ya sikio.
Kuna mtu.
Hafifu, anazama, anaibuka, hafifu.
"Japani," Okiror ananong'ona. "Au Brazili.
Kadi yake nitaiwekea fremu."
Apolot anainamisha kichwa, anasikiliza,
na uso wake unabadilika kidogo, halafu unajirudi.
Mkono ule anaufahamu; yeye ndiye aliyeufundisha:
kistari cha mwisho kirefu mno,
kama mtu anayeburuta kiti.
Hasemi kitu. Anamwacha msichana aandike,

I

K

W

A

na hakuna anayehitaji herufi ya tano.

Ikwap. Wa Camp Swahili, pale chini,
taa yake tunaiona kutoka hapa.
Wati mbili, ndani ya kopo la majani ya chai.
Ikwap aliyetoka klabuni mwaka ule transfoma ilipoungua,
yeye na Okiror wakinyoosheana bisibisi:
wewe, hapana wewe.
Wamekutana sokoni tangu hapo, bila shaka.
Soroti si kubwa. Kila mmoja hukagua nyanya zake.

Lakini sheria ya hewani ni moja: anayeita hujibiwa.
Apolot anasogeza kibonyezo, taratibu,
mpaka kinagusa goti la Okiror.

Anakaa nacho. Betri inashuka.
Kisha anagonga, vibaya, kama mwanafunzi:
NAKUSIKIA KWA SHIDA.

Mvumo.
Mvumo mrefu.
Halafu:
MIMI PIA. MIAKA MITATU.

Apolot anaandika daftarini kama inavyotakiwa:
saa, masafa, jina la kituo.
Umbali: kilomita mbili.
Sehemu ya maoni anaiacha wazi.

Tunashuka kwa tochi moja. Mlinzi yu macho.
"Haya, mmempata nani?"
"Jirani," anasema Asekenye.
Mlinzi anacheka hadi anakohoa.
"Jirani! Si mngempigia simu?"

Okiror anakunja waya, mkono hadi kiwiko,
mkono hadi kiwiko, polepole,
ingawa umeshaisha kukunjwa.