Mita Nne

Simu inasema mita mia mbili na kumi,
lakini simu haijui mfongo,
haijui kwamba kati yangu na hiyo namba
kuna korongo, na daraja la gogo moja,
na ng'ombe wa mtu, anatafuna gome la mgomba,
ananikodolea kama mdai.

Nimepanda kutoka Moshi mjini na Aikande,
binti wa shangazi, aliyeniingiza kwenye mchezo huu:
mtu asiyekujua anaficha kikopo mahali,
anaacha namba za kusini na za mashariki,
nawe unaacha kufua kwako kwa Jumamosi
kwenda kutafuta kitu ambacho hukukipoteza.
Mama alicheka mpaka akakaa chini.
"Na mkikipata?"
Tunaandika jina.
"Halafu?"
Tunakirudisha.

Kanisa likatokea ghafla nyuma ya kahawa,
limeinamia bonde kidogo, kama anayesikiliza:
mawe meusi ya mlima, chokaa iliyochoka,
juu ya mlango mwaka uliochongwa,
tarakimu ya mwisho imelambwa na mvua.
Kengele ya Wajerumani inaning'inia nje,
kamba yake imeungwa kwa waya wa kuanikia nguo.

Mita kumi na moja. Mita sita.
Mshale ukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.
Mita nne, ukagoma.
Tukapapasa nyufa, tukachungulia chini ya ngazi,
tukafunua majani ya sale kaburini, tukiomba radhi,
na tulipoona mtu tukajifanya tunapiga picha.

"Mnatafuta kile cha plastiki?"

Ndeanasia, mtunza funguo, ufagio kwapani.
Alikiokota miaka saba iliyopita akizibua mfereji,
akadhani ni sadaka ya mtu mwenye aibu.
Sikukuu ya mavuno kikanadiwa baada ya ibada,
kati ya mkungu wa ndizi na trei ya mayai;
mwalimu Ndewario akakinyakua kwa elfu mbili,
akafungua: kifungo, sarafu ya ugenini, kijidaftari.
Akadai elfu mbili zake palepale.
Mchungaji alicheka akasahau kutoa baraka.

Akatufungulia.
Baridi ya mawe, harufu ya nta na maua ya wiki jana.
Mita nne, kumbe, zilikuwa ukuta,
benchi moja, na mtoto wa meza.
"Nje kingeoza," akasema, akanikabidhi.

Mtu wa Oslo. Mtu wa Nakuru.
Wawili wa Dodoma waliochora nyota.
Mmoja kajiandika Kobe Mwendokasi, basi.

"Hawa tunawaombea kila Jumatano.
Wote, kwa majina.
Huyu Kobe, Mungu anamjua jina la ubatizo.
Maana nani atapanda mlima wote huu
aje aache jina tu?"

Aikande akanitazama.
Hakuna aliyemsahihisha.

Nimezoea kusaini herufi mbili, mbiombio,
kama anayepokea kifurushi.
Safari hii niliomba kalamu nyingine, yenye wino,
nikakaa benchi la mbele, nisilolikalia tangu kipaimara,
nikaandika yote matatu, langu, la baba, la babu,
herufi zikiwa zimeachana vizuri,
kwa sababu miwani yake ina ufa
na Jumatano iko siku nne tu mbele.