Mgongo wa Namba Nne

Misimu minne nilimjua kwa mgongo.
Ndivyo tulivyo sisi makipa:
wenzetu wote twawaona kwa nyuma,
visigino, shingo, na jasho linapoanza
kuchora ramani baina ya mabega.
Mgongo wake ulikuwa na nne iliyobanduka mguu,
ikabaki kama kiti kilichopinduliwa,
maana mamake aliifua jezi kwa sabuni ya mche
akaianika juu ya mabati ya moto, Kisauni.

Bwanaheri alikuja kwetu na miaka kumi na sita,
akitaka kufunga mabao. Nani hataki?
Kocha Nyamawi akamtazama mapaja, akamtazama tena,
akasema, "Wewe utakuwa ukuta."
Alinuna wiki mbili.
Ukuta hauandikwi gazetini.
Ukuta hukumbukwa siku ya nyufa.

Uwanja wetu wa Kongowea una jiwe la matumbawe
linalochomoza karibu na nguzo ya kushoto,
na shimo ambalo kila mwenyekiti huahidi kulijaza.
Hapo alijifunza kazi.
Alijifunza kutoruka mapema.
Alijifunza kumwacha winga ajionyeshe, ajionyeshe,
hadi mpira umtoke mguuni shibiri moja,
shibiri moja tu, ndipo auchukue
kama mtu anayeokota sarafu yake mwenyewe.
Nami nyuma nikipasua koo: Kushoto! Toka! Wangu!
Hakugeuka hata siku moja.
Sikio lilimcheza tu,
basi, nikajua amesikia.

Siku ya Mikindani alijifunga.
Dakika ya themanini na nane: kisigino, wavu.
Sikumwambia kitu, hakuniambia kitu.
Alivuka daraja la Nyali kwa miguu, daluga shingoni,
na Jumatatu nilimkuta uwanjani kabla yetu sote,
akipiga chokaa mistari ambayo haikuwa kazi yake.

Kisha watu wa Nairobi wakaja na daftari.
Miaka miwili, chumba, godoro, nauli ya kwenda.
Mamake aliusoma mkataba mara tatu kwa sauti,
akauliza: goti likivunjika, limeandikwa wapi?
Halikuandikwa.
Akatia sahihi hivyo hivyo.
Miezi kumi na mmoja ya benchi.
Ujumbe wake wote nilioupata ulikuwa maneno mawili:
Baridi huku.

Jumapili moja, kwenye runinga ya mkahawa,
dakika ya sabini na tisa, wakamwingiza.
Kamera ikamsogelea
nikamwona uso.

Yallah. Kumbe huogopa.
Mdomo wa chini ameuma, macho yanazunguka
kama ya mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.
Misimu minne ule mgongo ulinidanganya,
umenyooka, umetulia, mlango uliokomewa,
na upande wa pili kulikuwa na huyu.
Kila mshambuliaji wa Pwani aliujua uso huu.
Mimi peke yangu nilifichwa.

Ikapigwa kona.
Nikasimama, nikapiga ukelele: "Kushoto, Bwanaheri!"
Kahawa ikamwagikia kanzu ya fundi wa saa aliyekaa kando yangu,
nimeshamlipia sabuni.
Akaenda kushoto. Akaupiga kichwa nje.
Msiniambie habari za kilomita.

Usiku alipiga simu. Mechi hakuitaja.
"Lile shimo la nguzoni, wamelijaza?"
"Bado."
"Mwambie huyo mtoto mpya asisimame hapo."

Nimemwambia.
Ana miaka kumi na mitano, namba yake ingali nzima,
na kila nikimwita
hugeuka nyuma kunitazama,
uso wote,
hajajua bado kuuficha.