Shindano

Hull, Januari, saa mbili asubuhi na bado giza.
Kazi yangu ni maneno: nayapokea kwa Kiingereza,
nayakabidhi kwa Kiswahili, bila kutia chumvi.

Mama Nabintu wa Uvira amelala chali,
mkono wa kulia juu ya kichwa
kama anayejikinga jua, katika mji usio na jua.
Macho yake, kiini cha yai.
Wiki tatu amejikuna hadi shuka zikaingia damu.
Jiwe? Uvimbe? Hawasemi. Wanachosema:
njia imeziba, nyongo imekosa pa kwenda,
imerudi kwenye damu.

«Sindano itapita kati ya mbavu,» natafsiri,
«juu ya ubavu, si chini yake. Chini kuna mshipa.»
«Shindano iko mrefu?»
Kwetu Tanga shindano ni la kuvuta kamba,
kuna mshindi, kuna mshinde.
Nasita.
«Ndefu, mama. Lakini nyembamba.»

Wanagawa aproni za risasi.
Neno hilo sikulitafsiri, kwa mtu aliyetoka alikotoka.
Nikavaa tu. Ilinielemea mabegani kama mtoto aliyelala.

Ganzi. Dokta Ollerenshaw ananikonyeza.
«Usipumue, mama.»
Nami nimebana pumzi, hakuna aliyeniomba.

Sindano inazama ndani ya ini, kisha inarudi
polepole, milimita kwa milimita,
ikidondosha dawa tunayoiona kwenye skrini.
Mara ya kwanza dawa inakimbia: mshipa wa damu.
«Pumua.»
Mara ya pili, ukungu mtupu.
«Pumua. Usipumue.»
Mara ya tatu dawa inakaa. Inatambaa,
vijito vinene vyote vikielekea
lango moja lililofungwa.
Mtu fulani nyuma yangu anasema ndiyo, ndiyo.
Waya unafuata, kisha mpira,
na mfuko pembeni unaanza kupokea.

Mambo yakiharibika husema yametumbukia nyongo.
Leo nyongo yenyewe imetumbukia mfukoni,
tone, tone, na mambo yanakwenda.

«Shindano imeisha?»
«Imeisha.»
Nani kashinda, sikuuliza. Jibu la uvimbe liko maabara.

Anageuza shingo, anautazama mfuko,
kijani iliyokolea hadi kuwa nyeusi.
«Rangi ya sombe,» ananong'ona.
Kisamvu, nawaza, cha mama, kilicholala jikoni.
Daktari anataka kujua mgonjwa kasema nini.

«Anasema ana njaa,» nikamwambia.